Waliogonga Mapema

Siku mliyofungua mikeka mipya pale ukumbini, niliondoka kabla mtori haujapakuliwa. Najua mlinisema. Mmoja wenu alikuja mpaka nyumbani, akanipa shikamoo ya kuinama, akaniuliza kama kuna mtu aliyeniudhi. Nikamwambia mguu unauma. Mguu wangu ni mzima kabisa. Leo nawajibu, na kwa kuwa mlisema pia mnataka kusikia habari za kazi yangu, mtapata vyote kwa pamoja, maana jibu limo humo humo ndani ya kazi. Msitegemee maneno matamu. Mzee anayewaambia kazi yake yote ilikuwa tamu anawavika kilemba cha ukoka, na mimi kilemba hicho nilivishwa miaka mingi, najua kinavyowasha.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha watu kukaba. Asubuhi niliwafundisha walinzi wa kampuni moja hapa Moshi namna ya kumshika mwizi bila kumvunja. Jioni nilifundisha jujitsu ya Kibrazili, huo huo mchezo wenu wa kupigana chini bila ngumi, katika ukumbi ule ule wa usharika, ila sisi tulikuwa na mikeka ya magunia yaliyojazwa maranda. Ukiangushwa vibaya unaamka na vumbi la mbao puani. Nimefundisha mengi, lakini jambo ninaloweza kuliita langu ni moja tu, kabali ya nyuma. Mjini watu huiita roba na wanaijua kwa ubaya, kwa sababu vibaka huitumia vichochoroni. Ya kibaka ni nguvu na pupa. Ya kwetu ni kazi ya kujifunza, na mimi ilinichukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema.

Aliyenifundisha alikuwa Mbrazili, jina lake Tadeu. Mkewe alikuwa daktari aliyekuja kufanya kazi hospitali, na yeye alikuja kwa kumfuata mkewe. Hapo tu watu walishangaa. Mwanamume mwenye kifua kama mlango, mke ndiye anayeamka kwenda kazini, yeye anabaki kuanika nguo! Alipoanza kutafuta wanaume wa kubiringishana nao chini, ndiyo kabisa, wakamkwepa hata njiani. Mimi nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimechoka kubeba mizigo ya watalii mlimani na sikuwa na kazi nyingine, na kwa sababu alikuwa anatoa chai na mkate baada ya mazoezi. Wengi mnapenda kuniuliza nilivutiwa na nini. Nilivutiwa na mkate.

Siku ya kwanza alinikalisha nyuma yake, akaniambia nimkabe. Nikampitishia mkono shingoni nikabana kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kupanda na mzigo kichwani. Tadeu akakaa tu. Akaanza kuimba kwa pua, wimbo wa kwao, huku mimi nyuma natoka jasho. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kulikuwa na neno moja alilolijua vizuri kuliko mengine yote.

"Bado," akasema. "Bado, rafiki. Unaumiza taya. Taya si shingo."

Neno hilo nililisikia mpaka nikaliota. Nilibana kwa mikono, akasema bado. Nikabana kwa meno, maana nilikuwa nauma meno yangu mwenyewe, akasema bado. Nilimchukia. Nilirudi nyumbani kupitia Kiboriloni nikiwa nimevimba mikono, nikiapa sitarudi, na kesho yake saa ya mkate ikifika nipo mlangoni.

Mnajua tayari anayoyasema mwalimu wenu Neema, maana ndiyo aliyoyasema Tadeu. Kiwiko kikae katikati, chini ya kidevu, ili shingo iingie kwenye kona ya mkono, mishipa miwili ya damu ibanwe huku na huku na koo lenyewe lisiguswe. Hatumnyimi mtu pumzi, tunachelewesha damu ya kichwani kidogo tu. Mkono wa pili uende kisogoni, umefichwa, kiganja kikiwa nyuma ya kichwa cha mwenzako. Ukishaupanga hivyo huna haja ya kubana kwa mikono. Unavuta pumzi, unatanua kifua, unarudisha mabega nyuma, basi. Kabali iliyokaa vizuri haina kelele, na mtazamaji aliyekaa kwenye benchi huona kama mmekumbatiana.

Siku kabali iliponikubali sikujua kama imenikubali. Tadeu alikuwa anaimba, wimbo ukakatika. Akagonga. Kugonga mnakujua, lakini kwa wazazi wenu watakaosoma haya niseme: anayekabwa akizidiwa humpiga mwenzake kofi jepesi mkononi au kwenye mkeka, na mwenzake huachia papo hapo, hata kama wawili hao wana kesi ya shamba. Nikaachia. Tadeu akageuka, uso umemwiva, machozi yanamlengalenga. Akataka kusema kitu, sauti ikatoka imekwaruza, akakohoa, akaanza upya.

"Umesikia?" akasema kwa sauti hiyo hiyo mbovu. "Usiamini mkono. Mkono unaweza kugonga kwa woga, kwa uchovu, kwa adabu. Sikiliza sauti ya mtu baada ya kugonga. Ikikwaruza, umemkaba. Ikiwa safi, bado."

Nilifurahi siku hiyo kama mtu aliyepata mtoto. Sikusubiri hata mkate.

Kwa wale walinzi wa asubuhi nilipata vituko vya kutosha. Kuna mmoja aliitwa Stanslaus, kijana mwenye nguvu na mtiifu kupita kiasi, alipangiwa lindo kwenye stoo ya mbolea Bomang'ombe. Nilikuwa nimewafundisha walinzi wote jambo moja mpaka likawaingia kwenye damu: ukigongewa, achia, usifikiri, achia. Nilihofia wasije wakauana mazoezini. Basi jioni moja Stanslaus akamkuta mwizi anatoka na mfuko, akamwingia kwa nyuma, akampiga kabali safi. Mwizi wa watu, katika kuhangaika, akampiga Stanslaus makofi mkononi. Stanslaus akaachia. Tena akarudi nyuma hatua na kunyoosha mkono amsaidie kuinuka, kama tulivyozoea. Mwizi alimtazama kidogo, hakuamini, halafu akatimua mbio mpaka ng'ambo ya barabara ya Arusha. Bosi aliponiita ofisini nikamkuta Stanslaus amesimama wima.

"Alinigongea, mwalimu," akajitetea. "Ningefanyaje? Aligonga kabisa."

Nilicheka mpaka bosi akanikasirikia. Sasa sicheki sana nikimkumbuka. Stanslaus ndiye mwanafunzi wangu pekee aliyepata kumkaba mtu asiyemjua, asiyekuwa na sababu yoyote ya kumheshimu, na mtu huyo akagonga kwa sababu amezidiwa. Wakati ule mkono wangu ulikuwa bado unafundisha sawasawa.

Tadeu hakukaa sana. Mkataba wa mkewe uliisha, wakafungasha. Siku ya kuagana aliniachia mikeka na mkanda wake wa mchezo, akaniambia jambo ambalo nililichukulia kama maneno ya kawaida ya kuagana. "Ukumbi ni wako," akasema. "Tafuta mtu atakayekuambia bado." Nikamjibu asiwe na wasiwasi.

Kwa Tadeu hakukuwa na shikamoo. Ukifika unatoa mkono, unataja jina, mnaanza kukabana. Alipoondoka, shikamoo iliingia yenyewe. Sikuiagiza. Ndivyo tulivyolelewa huku, mtu aliyekutangulia hata kwa mwaka mmoja unampa yake, na ukumbi ulianza kufanana na nyumba zetu. Vijana wakiingia wanasalimia kuanzia kwangu, kisha kwa mkubwa wao Prosper, halafu wanashuka kwa umri mpaka kwa wa mwisho. Wazazi walipenda. Mchungaji alisimama kanisani akasema, leteni vijana wenu kule, kuna adabu. Mimi nilijaa kifua. Sikuona kwamba hata kugonga kulianza kufuata njia ile ile ya shikamoo. Mdogo akikabwa na mkubwa, anagonga upesi asimchoshe. Mkubwa akikabwa na mdogo, anajitoa, na mdogo anamwachia ajitoe. Na nikikaba mimi, ambaye ni baba wa wote, wanagonga mkono wangu ukiwa bado unatafuta njia.

Mnasema ningejua. Ningejuaje? Mkono unapita, kijana anagonga, anageuka anatabasamu, anasema "Ee mwalimu, hiyo ni noma." Na mimi nilikuwa naamini nimezidi kuwa mzuri, kwamba kabali yangu sasa haihitaji hata nguvu. Yale maneno ya kusikiliza sauti niliyaacha kwa sababu niliona nimeyapita.

Halafu likaja suala la bega. Mwaka mmoja tulikuwa tunasafisha mfongo wa ukoo, ule mfereji wetu wa maji ya mlimani, nikateleza kwenye jiwe nikaangukia bega la kushoto. Lilipona kwa maana ya kwamba niliweza kubeba ndoo. Lakini mkono wa kushoto haukupanda tena vizuri. Kisogoni haukufika. Kwa hiyo nikikaba, badala ya kuuficha mkono nyuma ya kichwa, nilikuwa nauweka juu, utosini, na ili mkono ule ufike hapo kiwiko cha kulia kilihama kutoka katikati kikaenda pembeni, kikawa kinabana taya. Kile kile ambacho Tadeu alikuwa anakiimbia.

Wanafunzi wangu walikuwa na mabega mazima. Vijana wa kupanda migomba, wa kubeba majani ya ng'ombe, mabega kama ya punda. Na wote, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kukaba kwa mkono utosini na kiwiko pembeni. Waliniiga mpaka namna ninavyokunja uso bega linapouma. Ukumbi mzima wa vijana wazima ukawa unakaba kama mzee aliyeanguka mfongoni, na wakigongeana kwa umri, kila mtu akirudi nyumbani ameshinda au ameshindwa kulingana na mwaka aliozaliwa.

Walikuwa wanaona kwenye simu, msije mkadhani hawakuona. Baadaye waliniambia. Waliona watu wa Brazil na wa Ulaya wanaweka mkono kisogoni. Wakakaa nyuma ya ukumbi, wakajadiliana, wakaamua kwamba mwalimu ana namna yake. Hakuna hata mmoja aliyeinua mdomo.

Sasa nifike kwa Prosper. Huyu alikuwa kijana wa Kibosho, mrefu, mpole, mwanafunzi wangu wa kwanza kabisa na ndiye niliyetaka kumwachia kila kitu. Baba yake mdogo alikuwa amemtafutia nafasi ya kusomea uongozaji wa watalii mlimani, kazi ambayo vijana wa huku wanaigombania. Prosper akaikataa. Kulikuwa na ukumbi mpya unafunguliwa Arusha, mkubwa, na wenyewe walitangaza mashindano, wakasema wanaofanya vizuri watachukuliwa kuwa walimu. Prosper akamwambia baba yake mdogo kwamba yeye mlimani hapandi, yeye ni mtu wa mkeka. Akaja kwangu akaniuliza, "Mwalimu, unaonaje? Niko tayari?" Nikamwambia yuko tayari tangu zamani. Nilisema kwa moyo wangu wote, maana kila mtu ukumbini alikuwa anamgongea.

Arusha tulikwenda kwa shangwe, ukumbi mzima, na ndizi za kuchoma kwenye vikapu. Pambano la Prosper lilikuwa na kijana mmoja wa huko huko, mdogo kwake kwa kila kitu. Prosper akamzunguka, akampanda mgongoni vizuri mno, akaingiza mkono. Nikasimama nikapiga kelele, "Kaba! Amekwisha huyo!" Na kweli kwa macho yangu alikuwa amekwisha, ilikuwa ni kabali yangu yenyewe, mkono utosini, kiwiko pembeni, hata uso ameukunja.

Yule kijana hakugonga. Alitulia, akainua mkono wake taratibu, akaushika mkono wa Prosper uliokuwa utosini pake, akauondoa kama mtu anayevua kofia akiingia kanisani. Akajigeuza. Kufumba na kufumbua yeye ndiye yuko mgongoni, kiwiko kiko chini ya kidevu cha Prosper, mkono wa pili umezama kisogoni. Prosper akagonga.

Alikuja pale benchi tulipokaa, uso umemwiva. "Samahani, mwalimu," akasema, na sauti ikakwaruza. Akakohoa, akasema tena, "Samahani." Sauti ile nilikuwa naijua, na nikakumbuka kwamba ukumbini kwangu sijaisikia tangu Tadeu aondoke. Kwenye basi la kurudi wengine waliimba kumpa Prosper moyo. Mimi nilikaa dirishani nikawa najaribu kukumbuka mwanafunzi mmoja tu, mmoja, aliyewahi kukohoa baada ya kabali yangu.

Jumatatu yake niliwakalisha mstarini kwa umri, kama walivyozoea. Nikasema leo nataka kuwaonyesha kabali upya. Nikaanza na Prosper. Nikakaa nyuma yake, nikamzungushia mkono shingoni, nikaweka ule mwingine utosini. Na sikubana. Nawaambia sikubana hata kidogo, mkono ulilala pale kama skafu ya siku ya baridi, ungeweza kupitisha ngumi katikati.

Prosper akagonga. Hata akakohoa kidogo.

Nikamwambia, "Taja jina lako." Akasema, "Prosper, mwalimu." Safi kabisa.

Nikaenda kwa wa pili. Mkono umelegea, amegonga. Wa tatu akagonga kabla sijafikisha mkono wa kushoto mahali pake. Nilikwenda hivyo mstari mzima, nikihisi kama mtu anayefungua mitungi ya pombe na kukuta yote ni maji. Nilitaka mmoja tu asigonge. Nilimwomba Mungu, mmoja tu. Kila mmoja aligonga kwa upole, akanitazama kwa mapenzi, na kadiri walivyonipenda ndivyo moyo wangu ulivyozidi kuwa mchungu.

Wa mwisho alikuwa Neema. Nyinyi mnamjua akiwa mwalimu wenu. Wakati ule alikuwa binti mgeni aliyeuza mitumba Kiboriloni, mdogo kuliko wote, na kwa kuwa alikuwa binti na mgeni, mimi nilikuwa sijawahi kumkaba, niliwaachia wenzake. Nikakaa nyuma yake. Nikaweka mkono. Nikasubiri. Naye akasubiri. Mwishowe akageuza kichwa kidogo, akasema kwa adabu zote:

"Mwalimu, bado hujakaba."

"Neema!" mmoja wa wakubwa akamkemea. "Adabu iko wapi?"

Sijui kama mnaelewa jinsi neno lile lilivyonifikia. Nilikuwa nimelichukia likitoka kwa Tadeu, na siku ile niliposikia tena nilitaka kulia. Nikamwambia Neema amkabe Prosper. Hakutaka, nikamlazimisha. Akapeleka kiwiko katikati, akaficha mkono kisogoni, akavuta pumzi. Prosper alijaribu kujitoa kama wakubwa walivyozoea kujitoa kwake, akakuta safari hii haachiwi, na uso wake ukaanza kuiva. Alipogonga akakaa chini akikohoa kweli.

"Nani alikufundisha hivyo?" nikamuuliza Neema.

"Hakuna anayenigongea mimi, mwalimu," akasema. "Mimi ndiye wa mwisho. Nilikuwa nabana weee, hawagongi. Ikabidi niitafute mwenyewe."

"Na mbona hukuniambia kwamba ninakosea?"

Akaangalia mikeka. "Ningeanzaje, mwalimu?"

Nikafunga ukumbi mapema siku hiyo. Niliwaambia maneno makali, na siyajutii. Niliwaambia kwamba wamenidanganya kwa tabasamu, kwamba wameniacha nizeeke na uongo mkononi, na kwamba wamempeleka mwenzao Arusha akavuliwe kofia mbele za watu. Walilia. Hasira yangu haikupungua kwa kulia kwao.

Jumapili, watu wametoka ibada, Prosper akaja kihambani kwangu, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, ameshika isale. Wale ambao wazazi wenu hawakuwafundisha, isale ni lile jani refu la mpakani mwa shamba. Mchagga akikuletea isale ameomba msamaha, na wewe huna ruhusa ya kukataa, hata kama amekuulia ng'ombe. Prosper alisimama kwenye migomba, hakusogea mpaka mke wangu alipotoka.

"Ameleta isale," mke wangu akaniambia. "Nenda kapokee. Hapa huna la kusema."

"Tulikuheshimu, mwalimu," Prosper akasema. "Hatukutaka kukuvunja moyo. Naomba unisamehe."

Nikalipokea jani. Ningefanya nini? Lakini ninyi fikirini. Aliyepoteza nafasi ya Arusha ni yeye. Nafasi ya uongozaji wa watalii ilikuwa imeshakwenda kwa mtoto wa mtu mwingine. Aliyemwambia yuko tayari ni mimi. Na bado yeye ndiye aliyebeba isale akapanda nayo mpaka kwangu, na kunilazimisha nimsamehe, kwa heshima ile ile iliyotumaliza sote wawili. Sasa hivi yuko mlimani, anabeba mizigo ya watalii kama nilivyobeba mimi. Tukikutana stendi ananipa shikamoo na kunishika mkono kwa mikono miwili. Namwitikia.

Sikufundisha tena baada ya hapo. Nilimkabidhi Neema ukumbi, na wakubwa wote wakaondoka, maana hawakuweza kukaa mstarini nyuma ya mtu waliyezoea kupokea shikamoo yake. Akaanza upya, na waliokuja ndio nyinyi. Nasikia kwake hakuna kusalimiana kwa umri mkiwa kwenye mkeka. Nasikia mnakohoa. Nilipoambiwa hivyo nilifurahi, na niseme ukweli, niliona wivu pia.

Basi mkaninunulia kiti siku ya mikeka mipya, mkanikalisha mbele. Neema akasema maneno mazuri. Halafu akaniita mkekani, akasema, "Mwalimu wetu atatuonyesha kabali ya nyuma." Nilitaka kukataa, lakini nilikuwa na siri. Tangu nistaafu nilikuwa nafanya mazoezi ya bega nyumbani, kwa mpini wa jembe, kila asubuhi, nikiinua mkono wa kushoto mpaka ufike. Na ulikuwa umefika. Nilikaa nyuma ya Neema, nikapeleka kiwiko chini ya kidevu, katikati. Mkono wa kushoto ukapanda, bega likalia, ukazama kisogoni. Vyote vilikuwa mahali pake. Nikavuta pumzi, nikabana kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, kwa mabega na kwa mgongo. Nilikuwa nataka jambo moja tu duniani, nalo ni kujua kama kabali yangu ilipata kuwa ya kweli. Na nilikuwa nimekaa nyuma ya mtu pekee niliyejua ataniambia.

Akagonga.

Nyinyi mkapiga makofi na vigelegele. Wengine mlisimama. Mimi sikuwasikia vizuri, nilikuwa namsubiri ageuke. Alipogeuka nikamuuliza kwa sauti ya chini, sisi wawili tu:

"Imekaba?"

"Imekaba, mwalimu," akasema. "Kabisa."

Alisema hivyo akinitazama machoni, akitabasamu, na sauti yake ilikuwa safi, sauti ile ile anayowaitia wateja kule Kiboriloni. Nikamshukuru, nikatafuta viatu vyangu.